Vidonge vya Mke Mwenza

Majula Minteh alikuwa na kijiba cha roho, na wala hakukificha. Wapo wanawake wa wilaya ya Kiang wanaoona wivu wakaufunika kwa tabasamu na salamu ndefu za kuulizia mpaka hali ya mbuzi. Majula hakuwa na subira hiyo. Akikuonea wivu utajua kabla hujapewa kigoda. Alikuwa mfupi, mwenye mikono migumu ya kulima mpunga bondeni, na zamani alisifika kwa kicheko kilichosikika hadi kisimani. Kicheko hicho kiliadimika tangu siku mumewe, Ansumana Samateh, alipomleta nyumbani mke wa pili, Sutay Darboe.

Tuseme ukweli: Sutay hakuwa amemkosea kitu. Hilo ndilo lililomkata maini Majula. Afadhali angekuwa mvivu, mwenye kiburi na mdomo mchafu. Mtu angepata pa kushikia. Sutay aliamka mapema, akampigia mwenziwe goti, akamwita dada, akabeba jembe lake akaenda shambani. Alikuwa mrefu, mwenye shingo ya kuvalia shanga, na sauti ya chini ambayo Ansumana alilazimika kusogea karibu ili aisikie. Majula aliamini kabisa kwamba sauti ile ilikuwa hila.

Ansumana naye alikuwa mtu wa haki mpaka ikawa kero. Akinunua kitambaa alinunua viwili vya rangi moja. Samaki aliwagawa kwa kisu mbele ya wake zake wote wawili, kama anagawa mirathi. Siku mbili kwa huyu, siku mbili kwa yule, na mwenye zamu ya jiko ndiye mwenye zamu ya mume, kama ilivyo katika kila ua pale. Kwa kuwa hakupata cha kulalamikia kwenye vitambaa na samaki, Majula alihamia kwenye vicheko. Zamu ikiwa ya Sutay alitega sikio ukutani, na akimsikia Ansumana anacheka upande wa pili alijisemea, "Kwangu hajawahi kucheka hivyo. Kwangu anakohoa tu."

Basi hali ikiwa hiyo, wakaja watu wa utafiti. Kwa kweli hawakuja, walikuwapo. Kituo chao kilikuwa wilayani tangu zamani, na watu wa pale walizaliwa wakapimwa uzito, wakakua wakapimwa urefu, wakazeeka huku wakitolewa damu na kushukuriwa kwa mchele. Aliyetumwa kwenye ua wa akina Samateh alikuwa Saikou Dibba, kijana wa kijiji cha jirani, mwenye pikipiki na sanduku la barafu. Akina Dibba na akina Minteh ni watani, na utani wa kule hauna huruma.

"Mtumwa wangu Minteh yuko wapi?" aliita langoni. "Nimekuja kumpeleka sokoni."

"Nani akununue wewe kwanza, mla karanga za mbegu!" Majula alimjibu. "Shusha sanduku lako useme ulichotumwa. Mnataka damu gani tena? Tumebaki maji tu."

Dibba akakaa, akapokea chai, akaeleza. Walitafutwa wanawake wanaotaka kushika mimba, wameze vidonge kuanzia kabla ya mimba yenyewe.

"Kabla?" Sutay aliuliza kwa ile sauti yake. "Mtoto hajawa, unamlisha nani?"

"Ndiyo maana yake, shemeji. Sikilizeni. Kila mtoto anakuja na maandishi mwilini, nusu ya baba, nusu ya mama. Hayo hayabadiliki. Lakini juu ya maandishi kuna alama ndogondogo, kama irabu mnazoziona kwenye mbao za watoto wa madrasa. Herufi ni zilezile. Ukiweka alama hapa, panasomwa hivi; ukiweka pale, panasomwa vingine, au hapasomwi kabisa. Alama hizo zinawekwa mapema sana, mama mwenyewe bado hajui kama ana mimba, na vitu vya kuzitengenezea vinatoka kwenye chakula chake. Majani, samaki, mayai."

"Na ubongo?" Ansumana aliuliza. "Ubongo nao una hizo alama?"

"Unazo, na ndiyo hamu yao hasa. Ila ubongo wa mtoto mzima wa afya huwezi kuufungua ukachungulia. Kwa watu wanaangalia damu, ubongo wanauangalia kwa panya."

"Kwa hiyo sisi ni panya wenu," alisema Majula.

"Panya hawanitukani hivi."

Wakacheka wote, na Majula pia. Kisha Dibba akatoa pakiti, na hapo kicheko kikaisha. Ya Majula ilikuwa na mstari wa manjano. Ya Sutay ilikuwa na mstari wa kijani. Dibba akaeleza kwamba aina moja ina vitamini kamili na nyingine haina kitu. Nani apate ipi kumeamuliwa kwa bahati nasibu, na hata yeye mwenyewe hajui, siri imefungwa kwenye bahasha ng'ambo.

Wasomi wale walikuwa wamefikiria kila kitu. Walifikiria barafu, petroli, njia zinazokatika kwa mvua, mpaka rangi ya kofia za wafanyakazi. Kitu kimoja tu hakikuwajia kichwani: kwamba huwezi kuingia kwenye ua wa mtu ukawapa wake zake wawili vitu viwili tofauti.

Ansumana aliweka bilauri chini. "Dibba, ndugu yangu. Hawa wote ni wake zangu. Wape rangi moja."

"Haiwezekani, kaka. Kila mwanamke na bahati yake."

"Basi nichukulie wote wawili, uende nao. Utaniletea vita humu."

"Ni vidonge tu, kaka."

"Kwako ni vidonge," alisema Ansumana, akainuka kwenda kwenye karanga zake.

Usiku huo Majula hakupata usingizi. Pakiti ilikuwa mkononi, na kadiri alivyoitazama ndivyo ule mstari wa manjano ulivyozidi kumchukiza. Manjano ni rangi ya kitu kilichokauka. Kijani ni majani mabichi, ni mpunga unaopanda. Mjinga gani angetia dawa kwenye manjano akaacha kijani kitupu? Na tangu lini yule mwanamke alikosa kilicho bora? Wiki moja haijaisha, akaona ngozi ya Sutay imeanza kung'aa. Labda ilikuwa mafuta ya mise aliyojipaka, labda haikuwa kitu. Majula aliona dawa.

Vidonge vyenyewe vilifanana, vyote vyeupe. Pakiti tu ndizo zilizotofautiana. Dibba alileta vipya kila wiki. Zamu ya Sutay ya kupika ilipofika, Majula alisubiri moshi uanze kupanda, akainua pazia la mwenziwe, akaingia. Pakiti ilikuwa ndani ya bakuli la juu kabisa kwenye rundo la mabakuli ya harusi. Akavimimina vya kijani kiganjani, akatia vyake vya manjano badala yake, akatoka. Kwa mara ya kwanza tangu Sutay aolewe, alikula chakula akashiba. Wiki iliyofuata akafanya tena, na nyingine tena, mpaka ikawa kazi kama kazi nyingine za nyumbani.

Mvua zikaja. Nafaka maghalani ilikuwa inakaribia sakafu, watu wakala majani kuliko wali, na katika miezi hiyo ya njaa wote wawili wakashika mimba, karibu pamoja. Dibba akasitisha vidonge, akawapongeza. Majula alimtazama Sutay anavyojishika kiuno, akajisemea: tutaona.

Wakati karanga zinang'olewa, homa ikamwangusha Majula. Ilikuwa malaria mbaya, ya kutetemeka mpaka kitanda kinalia, na kwa siku kadhaa alilazwa kituoni akiongea na watu waliokwisha kufa. Ansumana alikuja mara moja, miguu na udongo, akarudi shambani kwa sababu mvunaji hana wa kumwachia. Aliyeleta chakula kila mchana alikuwa Sutay, na mimba yake, chini ya jua: wali, mchuzi wa majani, na kipande cha samaki kilichotolewa kwenye bakuli lake mwenyewe.

"Kula, dada. Nimemtoa miiba."

"Weka hapo."

Sutay akishaondoka, Majula aliwapa wagonjwa wa vitanda vya jirani. Ameanza lini kunipenda hivi, alijiuliza. Anataka nini kwenye tumbo langu?

Watoto walizaliwa salama, wote wasichana. Wa Majula akapewa jina la Nyima, wa Sutay akaitwa Tida. Siku za kuwapa majina watu walikula uji wa mchele na maziwa lala, wakaimba, na kila aliyewashika wale wachanga alisema wanafanana kama mapacha. Majula alikubali. Alijua alichokila, na alisubiri kwa utulivu mkubwa mwanawe amshinde mwenziwe.

Hakumshinda. Tida alitambaa kwanza, akasimama kwanza. Hayo Majula aliyameza. Lakini Tida akaanza kusema, na alipoanza hakunyamaza tena. Aliwaamkia wazee wa ua mmoja mmoja kwa majina ya koo zao, aligombana na kuku, alimwambia Dibba kwamba pikipiki yake inanuka. Nyima alikaa kivulini akizungusha kifuniko cha sufuria. Alikizungusha vizuri sana, kikasimama wima kikizunguka muda mrefu, na akitazama pale kinapong'aa alitabasamu. Ukimwita hakugeuka. Masikio yalikuwa mazima, Dibba aliyapima. Maneno yalikuwa machache, na mengine aliyasema wiki moja yakapotea.

Majula alihangaika. Alimwogesha kwa maji yaliyosomewa, akamfunga hirizi. Aliwaza kwamba Sutay ameiba ulimi wa mtoto wake akampa wa kwake, ndiyo maana yule ana mwingi kupita kiasi, na kuna siku alimsemea hivyo mbele ya Ansumana. Sutay aliingia ndani kwake akashusha pazia.

Mchana mmoja Nyima alikuwa akilia bila mtu kujua analilia nini. Majula alimpa embe, akalisukuma. Akambeba, akajinyoosha kama gogo. Tida akaja mbio kutoka langoni.

"Mama mkubwa, hataki embe. Anataka ule mkeka wa blu. Huu unamwasha."

Mkeka ukatandikwa. Nyima akanyamaza, akajilaza.

"Nani kakwambia?" Majula aliuliza.

"Yeye."

"Hajasema kitu."

"Kasema, mama mkubwa. Hukumsikiliza tu," alisema Tida, akarudi kwa kuku wake.

Majula alibaki na embe mkononi. Kumzidi mtoto wake kwa maneno, sawa. Lakini kuja mpaka hapa, kumjua mwanawe kuliko anavyomjua yeye aliyemzaa! Aliingia chumbani akauma mto. Alimchukia mtoto mdogo kwa muda wa kama kukaanga kitunguu, kisha akajichukia mwenyewe.

Watoto walipofika umri wa kupelekwa madrasa, Dibba alipita kwenye nyua akawaita wanawake wote waliokula vidonge. Bahasha imefunguliwa. Walikaa kwenye mabenchi ya uani mwa kituo, wakapewa mkate na soda, na daktari mmoja mgeni akazungumza huku Dibba akitafsiri. Aliwashukuru sana. Alama kwenye damu za watoto zimepimwa, alisema. Tofauti zimeonekana, ndogo, mahali fulani fulani, kazi bado inaendelea.

"Tuambie ipi!" mwanamke mmoja akapiga kelele. "Hayo mengine mtaongea wenyewe!"

Dibba akacheka. "Mstari wa manjano ndio uliokuwa na vitamini. Kijani ilikuwa chokaa tu."

Pakazuka vigelegele upande mmoja na matusi upande wa pili. "Umetulisha ukuta, Dibba! Njoo utulipie meno!" Sutay alikuwa miongoni mwa waliocheka. Akamshika Majula mkono.

"Dada, ilikuwa bahati yako. Manjano ilikuwa yako."

Majula hakuhisi mkono wake. Alihisi vidonge vyeupe kiganjani, wiki baada ya wiki, vyake akivimimina kwenye pakiti ya kijani kwa mkono huuhuu, akivipeleka kwa mtoto wa mwenziwe. Hakuna aliyemwibia. Alikwenda mwenyewe, kwa miguu yake, akagawa.

Watu walipotawanyika alimfuata Dibba kwenye pikipiki. Hakumtania, na Dibba akaona.

"Kuna nini, Majula?"

"Mtu akila chokaa, mtoto anakuwa kama Nyima?"

"Hapana. Usiende huko. Mtoto mmoja hasomwi hivyo, wanaangalia mamia kwa pamoja na hata hapo wanabishana. Wengi waliokula chokaa watoto wao wako pale wanapigana mawe. Na wewe uliugua. Mwili wa mama ukipigana na homa, vile vita vinaweza kumfikia aliye tumboni. Huko maabara wanawafanya panya wenye mimba miili yao ipigane kama vile wanaumwa, na wakiwaangalia watoto wao wanakuta alama za ubongo zimebadilika."

"Na chakula hakisaidii?"

Dibba alikaza kamba ya sanduku kwanza. "Kuna waliolishwa mafuta ya samaki, madhara mengine yakapungua. Panya, Majula. Nimesema panya."

"Nimesikia."

"Halafu wewe ulikula manjano. Kama kuna mtu hana la kujilaumu ni wewe."

Maneno hayo ndiyo yaliyommaliza. Alitembea nyumbani akitaka kitu kimoja tu duniani: kujua kwamba si mkono wake uliomnyamazisha mtoto wake. Homa angeweza kuisamehe. Homa ilikuja kwa mbu, kwa majaliwa ya Mungu. Mkono wake mwenyewe asingeweza.

Ilikuwa zamu ya Sutay. Majula alikwenda moja kwa moja jikoni, akakaa kwenye kigoda karibu na moto, na kabla hajajipanga yakamtoka.

"Vile vidonge nilivibadilisha. Vyako nikala mimi, vyangu nikakutilia wewe. Kila wiki. Niliona wivu, nikadhani chako ni bora. Nyima nimemfanya mimi, Sutay, nimemfanya kwa mkono wangu."

Akalia kwa sauti, kama analilia maiti. Sutay alikuwa akikoroga mchuzi wa karanga. Mwiko ulizunguka mara moja chunguni, polepole, ukagota ukingoni.

"Najua," alisema.

"Unajua nini?"

"Nilikuona. Wiki ya kwanza tu. Nilikuwa hapahapa, nimekaa hapo ulipokaa, nikakuona unainua pazia langu."

Majula alikata kilio. "Mbona hukusema?"

"Niseme ili iweje? Ansumana angewaita wazee, ungeaibika. Nilisubiri ukaenda kuoga, nikavirudisha. Ukibadilisha, narudisha. Ukibadilisha, narudisha. Nilikuwa nacheka peke yangu." Alisukuma kuni ndani. "Vyako ulivila wewe mwenyewe, dada. Vya manjano vyote. Chokaa nilikula mimi. Nyima kaumizwa na ile homa, kama ni kuumizwa. Hukumfanya kitu."

Pumzi ikamtoka Majula kwa mara ya kwanza tangu kituoni. Akaegemea ukuta, akasema Alhamdulillahi, akasema tena. Sutay aliendelea kukoroga, macho chini.

Ndipo Majula akainua kichwa, atazame kile mwenziwe alichokiona kutoka pale kigodani siku ile. Mlango wa jiko ulitazama uzio wa mabua na mbuzi. Vyumba vya kulala vilikuwa upande wa pili. Baina ya kigoda na pazia la Sutay kulikuwa na ukuta wa udongo, mzima, mweusi kwa masizi, usio na tundu la kupitisha hata mwanga wa jua. Alivuta shingo huku, akavuta kule. Ukuta. Alifungua kinywa aulize.

Akakifunga. Huenda Sutay alikuwa amesimama nje akasahau, miaka imepita. Au huenda hakuona kitu chochote, na amesikia leo, sasa hivi, kwamba mwenziwe alimwingilia chumbani kama mwizi wiki baada ya wiki, na katika mzunguko mmoja wa mwiko akaamua kumpa Nyima bahati yote na kumbakizia Tida wake chokaa. Majula alijaribu kujiweka mahali pale, yeye ndiye anakoroga, Sutay ndiye analia. Alijua angefanya nini. Angeita ua mzima. Au angenyamaza, akamwacha mwenziwe asongwe na donge lake mpaka kaburini. Neno kama lile lisingemjia hata angepewa usiku kucha wa kulitafuta.

"Mchuzi wako una chumvi," alisema.

"Ndiyo, dada." Sutay akaongeza maji.

Majula alikaa palepale karibu na moto, amejaa shukrani. Urefu wa yule mwanamke angeweza kuuvumilia, na sauti yake, hata ulimi wa Tida. Moyo ule ndio uliomshinda. Alimwonea wivu kwa moyo ule mpaka machozi yakaanza upya, na safari hii Sutay alipogeuka kumtazama, Majula hakusingizia moshi.